Lifti Hufungwa Mchana

Zenzi aliitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, akaibana pembe kwa bakuli la siagi, na kabla hajasema neno kaka yake akaanza kucheka.

"Lifti ya viti," Hartwig alisema, akigonga kwa kidole mstari wa waya unaobeba viti mpaka mlimani. "Na hapa nyingine tena. Dada, hii ni ziara ya baiskeli au safari ya wagonjwa?"

"Kupanda kupo, angalia vizuri. Asubuhi tunapanda kwa nguvu za miguu yetu mpaka kanisani. Halafu lifti, tunashuka njia ya msituni. Lifti ya pili, tunakula kule juu, tunateremka ile njia ya mizizi mpaka nyumbani."

"Mimi sijawahi kubebwa mlimani kama gunia la viazi."

"Basi mwaka huu utabebwa, ujue viazi vinaonaga nini."

Majirani zao, Ottilie na mumewe Gebhard, wakacheka ndani ya vikombe vyao vya kahawa. Hartwig hakucheka. Kila kiangazi yeye ndiye aliyewapangia ziara hii wote wanne, na ziara zake zilikuwa kupanda, kupanda, na kupanda tena, yeye mbele akigeuka kuwaonea huruma walio nyuma. Lakini sasa goti la Zenzi lilikuwa limegoma. Bila lifti angebaki nyumbani kuwapikia wenzake na kuchungulia dirishani kama wanarudi, na wazo hilo lilimuuma kuliko goti lenyewe.

"Sawa," Hartwig alisema. "Tufuate ramani yako. Lakini mpango ukiharibika popote, mwakani napanga mimi, na lifti hakuna."

Zenzi akakubali. Alimjua kaka yake tangu enzi za kufichiwa naye viatu siku ya kwenda kanisani, na alijua hatausubiri mpango huo uharibike wenyewe. Kwa hiyo jioni akampigia simu Florin, kijana anayeendesha lifti ya pili. Wakanong'onezana, wakacheka, kisha Zenzi akaenda kuloweka mkate mkavu kwenye maziwa.

Jumamosi ilianza vizuri. Walipanda mpaka kanisani polepole, goti likinung'unika bila kugoma. Kwenye lifti ya kwanza Hartwig alikaa amekunja mikono kama mtu anayepelekwa kung'olewa jino. Walipofika juu wakachukua njia ya msituni, na hapo Hartwig akajiweka nyuma ya wote. Haukupita muda wakamsikia akiita.

"Pancha."

Zenzi aliinama akalitazama tairi. Hakuona mwiba wala tundu. Alichoona ni kifuniko cha valvu ya kutilia upepo kikichungulia kwenye mfuko wa kaka yake.

"Pole sana, kaka," alisema, akajifanya hamnazo.

Hartwig alibadilisha tyubu kwa utulivu wa fundi saa. Akaisifia pampu yake. Akapiga chafya, akasahau alipoishia, akaanza upya. Ottilie alitazama jua, akamtazama mumewe, wote wakaelewa. Bonde zima linajua kwamba kengele ya adhuhuri ikilia Florin huzima lifti akale, na hata askofu akija na baiskeli yake atasubiri hapo chini.

Walifika kituo cha lifti ya pili kengele ikilia. Viti vikayumba, vikasimama.

"Maskini dada yangu," Hartwig alisema, uso umemng'aa. "Ungekumbuka tu kwamba mwenye lifti naye ana tumbo. Haya, mimi napanda. Nitawashikia meza."

Akasimama juu ya pedeli, akaufuata mwinuko unaopita chini ya viti, kifua mbele. Alipopotea kwenye kona, Florin akafungua mlango wa kibanda chake, na harufu ikawatangulia.

"Bi Zenzi, nimeyachemsha kama ulivyosema. Yule bwana ameshakwenda?"

"Amekwenda, na njaa yake."

Yalikuwa madonge ya mkate yenye nyama ya moshi ndani, yaliyofikishwa hapo tangu alfajiri. Walikula wakicheka mpaka Gebhard akapaliwa. Mawili yaliyobaki Zenzi akayafunga kwenye kitambaa chake chekundu cha mirabaraba. Alitaka kuyala juu kabisa, mbele ya macho ya kaka yake, taratibu.

Viti vilipoanza tena kutembea, Zenzi alipanda wa kwanza, peke yake. Kejeli alishaitunga na ilikuwa tayari mdomoni. Kisha, chini ya miguu yake, akamwona. Hartwig alikuwa amekaa kando ya kijito, baiskeli imelala majanini, viatu kavua, miguu ndani ya maji, mdomo wazi, uso mwekundu kupita kiasi. Hakuwa anajipumzisha. Alikuwa amekwisha. Akainua macho, wakatazamana.

Kwa mara ya kwanza Zenzi alimwona kaka yake kuwa mzee. Akamhurumia, na akakasirika kwa kumhurumia, maana ile kejeli ilikuwa nzuri sana. Nyuma yake Ottilie na Gebhard walikuwa wanakaribia.

"Jifiche nyuma ya mti," alisema kwa sauti ya chini, akaachia kitambaa na vilivyomo.

Hartwig alikidaka, akaruka peku nyuma ya mti kama mtoto aliyeiba sukari.

"Umeangusha nini?" Ottilie aliuliza kutoka kiti cha nyuma.

"Kitambaa tu."

Walikuwa wanamalizia keki ya tufaha pale juu Hartwig alipotokea, amesimama juu ya pedeli, jasho linamchuruzika.

"Bila kupumzika hata kidogo," alitangaza. Gebhard akampa mkono kwa heshima. Pembe ya kitambaa chekundu cha mirabaraba ilikuwa inaning'inia mfukoni mwa Hartwig. Zenzi akapita nyuma yake, akaichomoa, akaitia kwenye mkoba wake. Kisha akaitandaza ramani mezani.

"Haya, kaka. Mpango umeharibika au haukuharibika?"

Hartwig aliinamia ramani, akaifuata mistari ya lifti kwa kidole.

"Mpango una kasoro," alisema. "Lifti mbili hazitoshi. Mwakani weka tatu."

Ottilie na mumewe wakabaki wameduwaa. Hartwig akamwinamia dada yake sikioni.

"Na madonge yako," alinong'ona, "yamepungukiwa chumvi."