Shangazi wa Mstari wa Kumi na Saba

Mimi ndiye mhasibu wa Ofisi ya Kulinda Faragha, na kabla hujaniuliza, ndiyo, tuna bajeti. Watu wakisikia faragha wanadhani tunakaa gizani tukinong'onezana. Tuna viyoyozi, tuna magari mawili, na tuna mashine ya kuchana karatasi iliyonunuliwa kwa pesa ambazo zingemlipa mfagizi mwaka mzima na chenji ikabaki. Najua kwa sababu malipo niliyaandika mimi, huku nimenuna. Ofisini wananiita Mama Risiti. Hawaniiti hivyo kwa mapenzi.

Kila baada ya miezi mitatu sheria inatutaka tutoe taarifa ya matumizi: nani kalipwa, kiasi gani, kwa kazi gani. Taarifa inakwenda Hazina kwanza. Hazina wakiipitisha, inawekwa kwenye tovuti, na ile mistari iliyopitishwa ndiyo inayopewa pesa za robo inayofuata. Mstari uliokatwa haupewi kitu, hata ukilia machozi ya damu.

Robo ile Mkurugenzi alirudi kutoka kwenye kongamano la faragha, siku nne katika hoteli ya ufukweni, na picha zake zote akiwa na glasi ya maji ya matunda zilikuwa mtandaoni kabla hajatua. Alirudi amebadilika. Akatuita kwenye chumba cha mikutano, akasema ni aibu ofisi inayowahubiria wengine faragha kutangaza majina ya watu wake.

"Kuanzia sasa taarifa yetu iwe mfano," alisema. "Jina lolote la mtu, lipakwe wino mweusi."

"Mkurugenzi," nikasema, "taarifa ya malipo bila majina, anayesoma atajua kalipwa nani?"

Mwanasheria wetu, bwana mwenye tai nyingi na jibu moja, akanitazama kwa huruma. "Ndiyo maana yake, dada. Asijue."

Basi nikapaka. Mistari arobaini na mmoja, siku nzima, mpaka vidole vikawa vyeusi. Watumishi wa kudumu hawakupata tabu, kwa sababu Hazina wana nambari zao za mishahara. Ficha jina usifiche, kompyuta inawajua. Safari ya Mkurugenzi nayo ikapita salama, hoteli na maji ya matunda. Mstari wa kumi na saba tu ndio haukuwa na nambari. Ulisomeka "Huduma za usafi", na mbele yake doa jeusi.

Doa lile lilikuwa Shangazi.

Si shangazi wa mtu yeyote pale, ila hakuna aliyemwita vingine. Amesafisha ghorofa yetu miaka sita, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Anajua nani anaficha biskuti kwenye droo, nani anaongea na mke wa pili akijifungia stoo, na nani hulia chooni siku ya tathmini ya kazi, na hajawahi kumwambia mtu. Mimi ndiye wa chooni, na nasema kwa uhakika: kama kulikuwa na mlinzi wa faragha katika jengo lile, ni yeye. Nyumbani ana mume mwenye kisukari, fundi cherehani aliyekatwa mguu mmoja. Sindano zake za kila siku zinalipwa na bima, na bima inatokana na ule mkataba. Mkataba ukikatika, bima inakatika siku hiyohiyo.

Hazina walijibu baada ya siku tatu, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu niajiriwe. Waliandika: mstari wa kumi na saba, mlipwaji hajulikani, huenda ni mfanyakazi hewa, tunatuma mkaguzi.

Mkaguzi akaja na begi lake. Nikampa kiti kwenye meza yangu. Shangazi mwenyewe akamletea chai, kisha akamwomba anyanyue miguu apige deki. Akanyanyua.

"Huyu ndiye mstari wa kumi na saba," nikamwambia.

Mkaguzi akamwamkia kwa adabu zote, akamuuliza hali, akanigeukia. "Una waraka wake?"

"Ninaye mwenyewe. Amekupigia deki sasa hivi."

"Dada, mimi nakagua nyaraka. Watu wapo kila mahali."

Nikamwita Mwanasheria alete mkataba. Akauleta mbio. Alikuwa ameshaupaka wino, jina na sahihi, kwa uangalifu mkubwa. Mkaguzi akamaliza chai yake, akashukuru, akasema ni chai nzuri, akaandika kwamba hakuna ushahidi wowote wa kuwapo kwa mfanyakazi huyo. Tulipewa siku tano kuthibitisha, la sivyo mstari ufutwe.

Nilimfuata Mwanasheria chumbani kwake nimepandwa na hasira. Shangazi alikuwa mle ndani anafuta dirisha.

"Mpe fomu ya ridhaa asaini," nikasema. "Aandike kwamba anakubali jina lake liende Hazina. Yaishe."

"Hayawezi kuisha hivyo. Ridhaa lazima iwe huru. Mtu anayeishi kwa mkataba huu hawezi kukataa, na asiyeweza kukataa hajakubali. Nikiipokea sahihi yake nitakuwa namkandamiza."

Shangazi akasema bila kugeuka, "Kwa hiyo baba, ningekuwa siihitaji hii kazi, ningeruhusiwa kuitetea?"

"Hasa," akasema Mwanasheria, amefurahi kueleweka.

Shangazi akacheka kidogo, akakamua kitambaa. Mimi sikucheka. Nilitamani kumwagia yule bwana ile ndoo, na nasema hivyo bila kuomba radhi.

Siku ya nne nilimkuta Shangazi ameketi kwenye ngazi ya dharura, simu mkononi. Alikuwa amepigia duka la dawa kuuliza bei ya sindano kwa mtu asiye na bima.

"Mwanangu," akaniambia, "dawa ya mwezi mmoja ni mshahara wangu wa miezi miwili." Alitamka taratibu, kama bado anapiga hesabu. Halafu akainuka, kwa sababu sakafu ya mapokezi ilikuwa bado.

Nikarudi mezani nikamwandikia mkaguzi barua pepe. Niliweka majina yote matatu ya Shangazi, nambari ya kitambulisho, tarehe aliyoanza kazi. Na kwa kuwa nilitaka kumgusa mtu moyo kule Hazina, nikaongeza kwamba mumewe ana kisukari, amekatwa mguu, na bila bima hana maisha. Sikumuuliza Mkurugenzi. Sikumuuliza Mwanasheria. Hata Shangazi mwenyewe sikumuuliza. Nilikuwa na hasira, nikabonyeza kutuma.

Baada ya saa mbili mstari wa kumi na saba ukapitishwa. Nikamkimbilia Shangazi, nikamweleza nilichoandika, akanikumbatia na mikono yake ya sabuni, akanilowesha blauzi nzima. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani najiona mtu wa maana sana.

Kilichoniponza ni nakala. Utaratibu wetu unasema kila barua iendayo Hazina, nakala imfikie Mkurugenzi, na mimi kwa mazoea nilikuwa nimemwekea. Sheria nilithubutu kuivunja, lakini utaratibu wa nakala mkono wenyewe uliutimiza bila kuniuliza.

Asubuhi akaniita. Nilikwenda nimejiandaa kufokewa, nikamkuta uso umemng'aa. Kumbe kamati ya Bunge ilikuwa imemkalia kooni: ofisi ina miaka saba, imetumia mabilioni, haijamkamata mvujishaji hata mmoja. Sasa amempata, tena bila kushuka ngazi.

"Kuvujisha taarifa za afya," alisema, akionja kila neno. "Mama Risiti, hii ni kesi nzuri sana. Usiogope. Adhabu yenyewe itakuwa ndogo."

Wakaketi yeye na Mwanasheria upande mmoja wa meza kubwa. Mimi mshtakiwa nikakaa upande wa pili. Shangazi, kwa kuwa ndiye aliyedhulumiwa, akapewa kiti cha kichwani mwa meza na chupa ya maji, na mtu akamfungulia kizibo.

"Je, ulikubali taarifa za ugonjwa wa mumeo zitolewe?" Mwanasheria akamuuliza.

Shangazi akanitazama. "Sikuulizwa," akasema. "Ila ningeulizwa ningekubali."

Mwanasheria akaandika sentensi ya kwanza. Ya pili, akasema, haikuwa huru.

"Na mzee nyumbani amejisikiaje?" akauliza Mkurugenzi, kwa sauti ya msibani.

"Amenuna," akasema Shangazi. "Wateja wake wa zamani hawajui habari ya mguu. Hataki kuonewa huruma. Nimemwambia aliyesema alisema kwa wema."

Hapo niliona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu ile sehemu ya kesi ilikuwa kweli. Nilimwomba msamaha palepale, mbele yao. Akanipungia mkono niache, kana kwamba nimemwaga chai.

Mkurugenzi akasoma uamuzi. Mimi nipewe onyo la maandishi na mafunzo ya nusu siku kuhusu faragha. Shangazi ameshinda. Na kwa kuwa ameshinda, haki yake irudishwe kikamilifu: taarifa zake zote zilizovuja, popote zilipofika, zifutwe ndani ya saa ishirini na nne.

Nilielewa kabla hajafika kwenye nukta. "Hazina wakizifuta," nikasema, "mstari wa kumi na saba unabaki na nini?"

"Mama Risiti," akasema Mkurugenzi kwa upole, "mshtakiwa haulizi maswali."

Hazina, wale wale wanaokaa na barua zetu mpaka zinaota vumbi, walizifuta kabla ya saa sita mchana. Mstari ukaondoka nazo. Nikampigia mkaguzi, nikambembeleza, nikamkumbusha chai aliyokunywa, miguu aliyoinyanyua.

"Yule mama namkumbuka vizuri," akasema. "Lakini kwa barua mliyotuandikia leo, dada, hata kumkumbuka ni kosa."

Kumwambia Shangazi kuliniangukia mimi, kwa sababu wengine wote ghafla walikuwa na vikao. Nilimkuta stoo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nimeshinda," akasema.

"Umeshinda, Shangazi."

"Na bima?"

"Inakatika leo hii, pamoja na mkataba." Nikamwambia nitanunua sindano za mwezi huu kwa mshahara wangu, na nilimaanisha, na tayari nilishapiga hesabu nitaacha kulipa nini. Akanishika bega, akasema Mungu anibariki. Kisha akaniuliza mwezi ujao itakuwaje, siyo kwa kunilaumu, alitaka tu kujua.

Akavua koti la kazi, akalikunja vizuri. Mwanasheria akaja na fomu ya makabidhiano: ndoo mbili, mopu moja, funguo nane. Ilitaka majina kamili, nambari ya kitambulisho, anwani ya nyumbani, jina la mume na sababu ya kuacha kazi, katika nakala tatu.

"Hii haihitaji ridhaa?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Hii ni ya lazima."

Shangazi akaazima kalamu yangu, akaegemea rafu ya sabuni, akaanza kujaza kwa mwandiko wake wa taratibu. Alipofika kwenye sababu ya kuacha kazi akasimama, akamuuliza Mwanasheria hapo aandike nini.

"Andika 'kwa hiari yangu mwenyewe'," akasema, na akampokea sahihi, zote tatu.