Simu za Wafugaji Zilipokaa Kimya

Glory alikuwa bado anafungua ofisi Mama Scholastica alipopiga simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari la maziwa leo linapita saa ngapi? Simu yangu iko kimya tangu alfajiri, na ndoo ninayo hapa barabarani."

Wafugaji wa ushirika wao, waliotapakaa milimani kuzunguka Lushoto, walizoea kupata ujumbe kabla gari halijafika. Mfumo wa kuwataarifu ulikuwa mikononi mwa Glory peke yake tangu Kristian, aliyemfundisha kazi, alipohamia na mkewe huko Amani mwezi uliopita.

Alianza na dereva.

"Kaka Hashimu, leo naomba upige honi kila kituo. Ujumbe haujaenda."

"Usijali dada. Zamani si tulikuwa tunaitana kwa honi tu?"

Hapo Glory akakaa kwenye kompyuta. Mfumo wao ulikuwa wa huduma ndogondogo, kila moja na kazi yake, zikiishi pamoja kwenye klasta, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi kama moja. Huduma ya ratiba ilijua gari liko wapi. Huduma ya ujumbe ilituma meseji. Zote mbili zilikaa katika neimspesi moja, yaani sehemu iliyotengwa ndani ya klasta, iliyoitwa maziwa, kama watu wa ua mmoja, na ratiba ilimwita mwenzake kwa jina fupi tu: ujumbe. Jana mchana Glory aliihamishia huduma ya ujumbe kwenye neimspesi mpya, mawasiliano, ili idara nyingine nazo ziitumie. Akarudi nyumbani ameridhika kabisa.

Sasa kumbukumbu za mfumo zilijaa lalamiko moja: jina "ujumbe" halijulikani.

"Kumbe unamtafuta uani kwako, na mwenzio kahama," alinong'ona. Akarekebisha anwani iwe ujumbe.mawasiliano, akahifadhi, akasubiri.

Lalamiko la jina likatoweka, lakini meseji haikutoka hata moja. Ratiba iliita, ikaita, muda ukaisha bila kujibiwa. Glory alikagua huduma ya ujumbe, ilikuwa nzima. Kidole chake kikaelea juu ya namba ya Kristian.

"Dakika tano kwanza," akajiambia.

Hazikufika tatu. Alikumbuka kwamba jana hiyohiyo, kwa ajili ya usalama, aliandika kanuni: neimspesi mpya isipokee mwito wowote kutoka nje. Mlango aliufunga mwenyewe! Akaongeza ruhusa kwa wanaotoka neimspesi ya maziwa tu, wengine wabaki nje. Punde meseji zikaanza kumiminika, mamia kwa mamia.

Mama Scholastica akapiga tena. "Ujumbe umeingia, mwanangu. Na Hashimu huyu hapa, anapima maziwa yangu."

"Pole kwa usumbufu, mama."

"Usumbufu gani? Nimepiga soga na jirani yangu Modesta mpaka baridi nimeisahau."

Mchana Kristian alipiga mwenyewe kumjulia hali. Glory akamsimulia yote bila kuficha.

"Dakika ngapi?" aliuliza Kristian.

"Kama arobaini."

"Mimi kosa hilohilo la kanuni lilinilia siku nzima mwaka juzi. Sikumwambia mtu."

Glory alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akamwuliza shemeji anaionaje Amani, wakaongea habari za mvua na mashamba ya chai mpaka salio la Kristian likaisha.