Mtani Haandikishwi

Nurdini wa Ruponda aliuza pikipiki yake kama watu wanavyouza kuku: shika, nipe changu, kwaheri. Mnunuzi alikuwa Tomasi, Mmakonde wa Ruangwa, mtani wake wa kuzikana. Mtu alipomgusia habari ya mkataba, Nurdini alicheka akashika mbavu. "Mtani haandikishwi!" Akamkabidhi Tomasi kadi ya pikipiki, bado ina jina la Nurdini vilevile, akarudi nyumbani akipiga mluzi. Haya, ngoja sasa.

Ile pikipiki ilikuwa na kipande cha mpira nyuma, kimeandikwa kwa rangi nyekundu NURDINI WA RUPONDA. Nacho hakuna aliyekumbuka kukifuta.

Mwezi haujaisha, Fauzia anayekaa Ruangwa akampigia simu mdogo wake Mwanawetu, mke wa Nurdini. "Mwenzangu, mumeo ana nyumba ndogo huku. Pikipiki yake inalala mlangoni kwa mwanamke mmoja anaitwa Magreti."

Mwanawetu hakupiga kelele. Alianza kukunja khanga zake na kuzitia kwenye begi, machozi yakimtoka. Hapo Nurdini akaogopa kweli, maana mke anayegomba bado yupo, ila anayekunja khanga anakwenda kwao. Na kwao Chunyu si mbali.

"Mama Asmaa, si nilikwambia nimeiuza? Wallahi niliiuza!"

"Karatasi iko wapi?"

"Nilimpa kadi."

"Ina jina la nani?"

"Langu."

"Kumbe hukuiuza," Mwanawetu akasema. "Umeihamisha."

"Basi tumpigie mwenyewe!" Akapiga, akaweka spika. "Mtani, mwambie shemeji yako, hiyo pikipiki ni ya nani?"

Lo! Tomasi hakujua kuna moto. Alisikia neno mtani tu, mdomo ukamwasha. "Ya nani tena? Si yako! Mimi dereva wako tu. Halafu Magreti anakuulizia, mbona jana ulimtupa?" Akacheka, akakata.

Mwanawetu akafunga zipu ya begi.

Nurdini alilia jamani, mtu mzima na ndevu zake. "Twende Ruangwa kwanza. Ukikuta ni kweli, hilo begi nitakubebea mwenyewe hadi kwa baba yako."

Wakaenda, na begi mapajani kwa Mwanawetu. Mlango aliufungua Magreti, na nyuma yake ukutani kulikuwa na picha ya harusi yake na Tomasi. Tomasi mwenyewe akatokea na singilendi, ameshaanza kucheka. Akaliona begi. Kicheko kikamkauka.

"Shemeji, ulikuwa utani tu."

"Utani naujua. Sasa wote wawili twendeni kwa mtendaji. Na kesho ofisi ya mapato, jina libadilike."

Mkataba ukaandikwa. Kabla ya muhuri, Mwanawetu akataka mstari mmoja uongezwe: kuanzia leo pikipiki hii, pamoja na umbea wake, ni mali ya Tomasi. Mtendaji aliandika huku mabega yakimtikisika.

Nje, Mwanawetu akampa mumewe begi. Nurdini akalipokea kwa mikono miwili, moyo umetulia.

"Baba Asmaa."

"Naam, mke wangu."

"Cheti chetu cha ndoa kiko wapi?"

Nurdini akafungua mdomo aseme kwamba wao waliaminiana tu. Akaufunga. Akageuka na lile begi, akarudi ndani kumuuliza mtendaji cheti cha ndoa kinafuatiliwa ofisi gani.