Shingo ya Shangazi

Wenye mabinti wachoraji, sikieni: mtoto akishashika brashi, jicho lake linaona rangi tu, hatari halioni. Mama mmoja alilijua hilo, ndiyo maana binti yake akifanya kazi, yeye hukaa mlangoni ananusa kama askari wa zamu. "Hiyo tapentaini mbona kali leo? Fungua dirisha, utaanguka."

Binti alichora wanawake kwa rangi za mafuta, wakubwa kama walivyo, wamezungukwa na majani, mizizi na ndege. Siku hiyo picha ilibakiza uso na shingo tu. Aliyekalishwa kitini ni shangazi yake, na shangazi kesho yake alikuwa anarudi kwake, mbali. Akiondoka kabla ya kumalizwa, picha ingebaki kiwiliwili kisicho na mwenyewe, na watu wa maonyesho walikuwa wameshaitaka.

"Mama, itazame hii shingo," binti alisema. Hakutulia, mara kwenye kiti, mara kwenye turubai, rangi imemfika mpaka kwenye nyusi.

"Shingo ya ukoo wa baba yako. Haigeuki hata ukiiomba."

"Wivu huo, wifi," shangazi alijibu bila kutikisa mdomo. "Ungechorwa wewe, kitambaa kisingetosha. Mimi nikikaa, nimekaa. Sisogei."

Mama alicheka. Naye alishaanza kunogewa, kwa maana uso ulikuwa unatoka kweli, jicho moja limeshafunguka linamwangalia.

"Hapa shingoni pamepungua kitu," binti alisema, akatoka mbio. Mama naye akaenda kuongeza maji ya kunywa. Aliporudi na jagi, shangazi alikuwa amevikwa mmea unaotambaa, una maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu, laini kama mahameli. Binti alikuwa na glavu zake za mpira, zile za kujikinga na rangi. Hakuhisi chochote.

"Mwanangu," mama alisema polepole, "huo umeutoa wapi?"

"Nyuma ya choo. Si mzuri?"

"Huo ni upupu."

Yule asiyesogea alisogea. Kiti kilikwenda kule, maji yakamwagika huku. "Usijikune, wifi, na macho usiyaguse," mama alisema. Alichukua mkanda wa gundi, wa kufungia maboksi, akawa anaubandika shingoni na kuubandua, manyoya yakitoka nao. Kisha sabuni na maji mengi. Shangazi alilaani ukoo mzima wa mtoto huyo, mpaka akakumbuka kuwa ndio wake.

Ulipopungua mwasho, binti alikuwa amejikunyata pembeni, analia. "Nimekuumiza, shangazi. Basi, tuache."

"Tuache, na mimi naondoka kesho? Nimewashwa bure?" Shangazi aliinua kiti, akakaa. "Njoo. Ila kuanzia leo, unachotaka kumvika mtu, vua hizo glavu ukiguse kwanza wewe mwenyewe."

"Uulize kwanza," mama alidakia. "Kugusa baadaye. Na ukichora, glavu uzivae, rangi nayo ni sumu."

Binti akafuta machozi, akaitazama ile shingo iliyovimba, na miguu ikaanza tena kuchezacheza. Akakamua rangi kwenye kibao.

"Unaweka nini hapo?" shangazi aliuliza.

"Nyekundu."

"Weka ya kutosha. Waone nilivyoteseka."