Kiti cha Kushoto

Watu wameshasema mengi kuhusu lile gari, nami nimewaacha waseme, maana mdomo ni mali ya mwenyewe. Wamesema uzee umenipanda kichwani. Wamesema mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mwenye mjukuu, anataka nini na gari la spoti la viti viwili, jekundu kama pilipili, lililotengenezwa kabla yeye hajazaliwa? Haya. Leo nasema mwenyewe, na nikimaliza, atakayecheka acheke.

Mimi ni fundi wa viti vya magari. Nina karakana yangu, cherehani tatu nzito na mafundi wanne. Hapa mjini kiti kikichanika wanasema, "Mpelekee Mashoto." Mashoto ni mimi, kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Jina hilo nilipewa na wanagenzi wa baba ili kunicheka. Sasa liko juu ya mlango wangu kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara.

Kazi nilifundishwa na baba. Baba alikuwa fundi hasa, wa kushona kiti mpaka mwenye gari anaona haya kukikalia. Na alikuwa na desturi zake mbili ambazo hakumvunjia mtu yeyote. Ya kwanza: fundi hakalii kiti cha mteja. Utakishona, utakipiga brashi, utakibonyeza kwa goti ikibidi, lakini kukikalia, ng'o! Ya pili ilikuwa fundo jekundu. Chini ya kiti kuna mahali ngozi inafungwa kwenye fremu kwa sindano ya mkono. Hapaonekani mpaka ufungue boliti nne ukipindue. Sisi wanagenzi tulimalizia pale kwa uzi mweusi. Siku baba akiridhika kwamba sasa umekuwa fundi, anachukua uzi mwekundu, anafunga fundo mwisho wa mshono wako. Fundo moja tu, mara moja maishani. Hapigi makofi, hatoi cheti. Anakuita uone, kisha anakwambia, "Kesho njoo na sindano zako mwenyewe." Basi, umefuzu.

Wanagenzi watatu nilioanza nao walipata fundo. Mimi sikupata. Mimi, mtoto wake wa kumzaa! Miaka minne nilikuwa napindua kila kiti nilichomaliza kabla hakijarudishwa kwenye gari, naona uzi mweusi, nakigeuza tena kimya kimya. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamuuliza kazi yangu ina kasoro gani. Akanijibu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaendelea kukata ngozi.

Halafu likaja gari la Daktari wa Meno.

Mji mzima hapakuwa na jingine kama lile. La wazi, fupi, pua ndefu, taa mbili za mviringo, linanguruma hata likiwa limesimama. Tulilisikia kabla ya kuliona. Alilileta viti vyote viwili vivishwe ngozi mpya. Baba akachukua cha kulia, cha dereva. Cha kushoto akanipa mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikishona siku tisa. Nilikifumua mwenyewe mara mbili kwa sababu mstari mmoja ulikuwa umekwenda upande kwa unene wa kucha. Kilipokamilika, haki ya Mungu, hungejua kipi ni cha baba na kipi ni cha mwana. Isipokuwa ukivipindua. Mshono wa mkono wa baba unalalia kulia, wangu unalalia kushoto. Hilo fundi yeyote analiona mara moja.

Daktari akaja, akasifu, akaondoka akipiga honi. Baada ya siku mbili akarudi uso umemvimba. Kuna mtu alikuwa amemwambia kwamba kiti kimoja kimeshonwa na binti.

"Sikuleta gari langu hapa ili mtoto wa kike ajifunzie," alimwambia baba, mbele yangu, kana kwamba mimi ni kopo la gundi. "Kifumue kile kiti. Ushone wewe."

Nilimtazama baba. Nilingoja aseme neno, hata nusu ya neno. Baba alivua miwani, akaifuta, akasema, "Sawa, daktari. Kiache kiti. Njoo baada ya wiki mbili."

Sawa! Nilitupa sindano chini. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, na hapa sitayarudia. Mchana ule ule nikafunga nguo zangu, nikaenda kwa shangazi, mji mwingine kabisa, nikapata kazi kwa fundi mwingine. Nilirudi baada ya miaka mitatu, nina mume, nina mtoto mgongoni. Mimi na baba tulipatana jinsi ndugu wanavyopatana: tulikula pamoja, tukacheka, tukauguzana. Lakini la kiti hatukuligusa. Na miaka yote hiyo, kila mtu akiniita fundi, kuna kitu ndani yangu kinauliza: nani alikufungia fundo? Kazi yako bora kuliko zote, baba yako mwenyewe aliifumua. Iliniuma. Nilikuwa naificha kwa maringo, lakini iliniuma.

Mwaka huu Daktari wa Meno akafariki, na mwanawe akatangaza kuuza gari. Niliposikia, niliacha mkasi katikati ya kitambaa.

Nililikuta kwenye banda nyuma ya nyumba, limefunikwa turubai. Magurudumu yamelala chini, kutu imekula milango, panya wamezaliana kwenye injini. Mtoto wa daktari alikuwa amesimama mlangoni na tai yake, anaangalia saa.

"Viti tu ndivyo vizima, mama," alisema. "Sijui alivishona nani."

Nikainama, nikavipapasa vyote viwili. Ngozi imepauka, lakini hakuna mshono hata mmoja ulioachia. Na bado, kwa juu, huwezi kuvitofautisha. Kama baba alikishona upya cha kushoto, kingekuwa vile vile. Ukweli ulikuwa chini, na spana nilikuwa nayo kwenye mkoba.

"Naomba nifungue hiki kidogo," nilisema.

"Hapana, mama. Kila anayekuja anataka kufungua kitu. Ukishanunua, fungua hata injini ukapikie."

Nikanunua. Wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lile hata kujitembeza halikuweza, lilivutwa kwa kamba mpaka kwangu. Mume wangu alitoka nje na kikombe mkononi, akalizunguka mara mbili. Yeye ni karani mstaafu, hana haraka na maneno.

"Hii ndiyo akiba ya paa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Tulikuwa tunaweka akiba ya paa, mke wangu, umeniletea gari lisilo na paa."

"Ni kumbukumbu, baba watoto. Ya ujana wangu."

"Ujana wako mimi ninao kwenye picha, na hauvuji mvua," akasema, akarudi ndani. Ila nilimwona akichungulia dirishani. Hakuna mwanamume asiyechungulia gari lile.

Asubuhi niliwaambia mafundi wangu waende wakanywe chai, wote, na wasirudi mpaka niwaite. Nikapiga magoti ubavuni mwa gari. Boliti tatu zilitoka kwa mafuta na subira. Ya nne ilitoka kwa matusi. Nikakibeba kiti, nikakilaza juu ya meza kifudifudi, kisha nikasimama pale kama mtu aliyesahau alichofuata. Mimi ambaye natunga uzi kwenye sindano huku nagombana na mtu kwa simu, nilikuwa naogopa vumbi! Nikajiambia: wewe Mashoto, ni kiti tu. Nikapangusa vumbi.

Mshono ulikuwa unalalia kushoto.

Nilifuata kwa kidole kutoka mwanzo. Kushoto, kushoto, kushoto, kila pigo ni langu. Hapa nilipobadilisha uzi. Pale nilipojichoma nikaacha doa dogo la damu kwenye kitambaa cha ndani. Hakikufumuliwa. Hakikuguswa. Na mwisho kabisa, pembeni, baada ya uzi wangu mweusi, palikuwa na fundo. Rangi ilikuwa imefifia imekaribia ya tofali, lakini lilikuwa jekundu.

Nilikaa sakafuni nikalia kwa sauti. Mafundi wangu walikuja mbio wakidhani gari limeniangukia. Niliwafukuza.

Kiti kile nilikibeba mwenyewe mpaka kwa baba, mtaa wa tatu, sikutaka mtu anisaidie. Baba ana miaka themanini na sita. Macho yamemwisha karibu yote, lakini vidole vyake bado ni vile vile. Alikuwa ameketi kwenye baraza yake. Nilimwekea kiti mapajani kikiwa kimepinduliwa.

"Baba, shika hapa."

Vidole vikatembea polepole juu ya mshono. Vilipofika kwenye fundo vikasimama. Akaanza kucheka kwa ndani, mabega yanaruka.

"Aa. Umekipata."

"Hukukifumua!"

"Nifumue nini? Kilikuwa na kosa gani?"

"Ulimwambia sawa!"

"Nilimwambia akiache, aje baada ya wiki mbili. Akakiacha, akaja. Kilikaa kabatini wiki mbili, nikakipiga brashi, nikamrudishia." Baba alifuta machozi ya kicheko. "Unajua alisema nini? Alikipapasa kile kiti, akaniambia, 'Unaona sasa? Mkono wa mwanamume hauna mfano.' Nikamwambia asante sana, daktari."

Nilitaka kucheka, hasira ikaniwahi. "Na fundo ulifunga lini?"

"Siku ile ile. Wewe ukiwa ndani unafunga nguo zako na kubamiza milango. Nilipotoka nikuite, umeshakwenda."

"Ungenifuata!"

"Nilikutumia mtu." Hapo hakucheka. "Nilimtuma mwanagenzi mkubwa mpaka kwa shangazi yako. Nikamwambia, mwambie mwanangu aje akione kiti chake kabla hakijaondoka. Akarudi na jibu. Unalikumbuka jibu lako?"

Nililikumbuka neno kwa neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa shangazi, mikono kiunoni, nikasema: mwambie akione mwenyewe.

"Miaka thelathini na miwili, baba," nilisema. "Ungeweza kuniita tena."

"Mimi huita mara moja."

"Nami nilikuwa nangoja useme."

"Nami nilikuwa nangoja uulize. Kila mwaka nasema, mwaka huu atauliza. Wapi!" Akapiga ngozi ya kiti kwa kiganja, taratibu. "Tumefanana, mimi na wewe. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuniomba radhi, nami sikumwomba. Lakini mkono wake haukutoka kwenye lile fundo.

Gari lilitengenezwa miezi minne. Mafundi wa injini walitoa panya na watoto wao, wapiga rangi wakalirudishia wekundu wake. Viti nilisafisha mwenyewe, nikavilainisha kwa mafuta, na sikuongeza hata pigo moja la sindano. Cha baba kulia, changu kushoto, kama vilivyokuwa. Paa la nyumba bado linavuja, tumeweka ndoo, na mume wangu ameshazoea kusema kwamba ndoo ile ndiyo ya thamani kuliko zote mjini.

Siku lilipowaka vizuri nililipeleka kwa baba. Lilinguruma mtaa mzima, watu wakatoka milangoni, nami nilikuwa nimekaa juu ya kazi ya baba yangu, shingo ndefu, sisalimii mtu mpaka anisalimie. Nilijisikia fahari mpaka kifua kikanibana, na sioni kwa nini nifiche.

Baba alisimama ubavuni na fimbo yake. Nilimfungulia mlango. Akapapasa kiti cha kushoto, mgongo, kalio, kona zote, lakini hakuketi.

"Hiki ni cha nani?" aliuliza.

Nilielewa. Mzee yule hajawahi kukalia kiti cha mteja maisha yake yote, na hakutaka kuanza leo.

"Ni changu, baba. Nilishona mimi, na gari ni langu."

Akashusha pumzi, akajikunja polepole, akaketi. Alijisogeza kulia, akajisogeza kushoto, akajiegemeza. Kiti hakikutoa hata mlio. Uso aliuelekeza mbele, mikono juu ya fimbo.

"Kesho," alisema, "njoo na sindano zako mwenyewe."

Nilimfunga mkanda, nikashika usukani.

"Ninazo, baba," nilimwambia, nikatia gia.