Virusi vya Mama Pambizo

"Hii programu naijua kuliko ninavyomjua mume wangu," Mama Pambizo alimwambia bosi, akivuta kiti na kukunja mikono ya blauzi. "Dakika tano tu, kazi iko mashineni."

Hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tano, mume wake alikuwa bado anajulikana vizuri tu. Programu ndiyo iliyogeuka mgeni.

Duka la uchapaji lilikuwa na watu wawili: bosi, aliyesimamia mashine, na yeye, aliyepanga kurasa kwa miaka kumi na moja na kupewa jina hilo kwa kuwa hakumsamehe mtu wala herufi iliyovuka pambizo. Leo walitakiwa kutoa kijitabu cha kumuaga mkunga anayestaafu. Sherehe saa nane mchana. Mkunga mwenyewe alikuwa kwenye benchi, pochi magotini, akisubiri kuona picha yake ya jalada, ambayo kwa sasa ilikuwa imekatwa kuanzia nyusi kwenda juu.

"Usijali, mwanangu," alisema. "Kusubiri ndiyo kazi yangu. Wengine walinikalisha tangu asubuhi hadi asubuhi."

Kuirudisha ile picha ni kazi ya kufumba na kufumbua, ukiwa na vidirisha vya zana: cha picha, cha herufi, cha rangi. Vyote vilikuwa vimetoweka. Ukifungua menyu, kila kimoja kina alama ya tiki: kipo, kimefunguliwa. Kipo wapi sasa? Kama mtoto anayeitika "abee!" halafu hatokei.

Alifunga programu, akaifungua. Akazima kompyuta, akawasha. Akachagua kurudisha mpangilio wa awali. Programu ikatii kwa adabu zote, isibadilishe kitu. Akaipiga meza kofi.

"Meza imekosa nini?" bosi akauliza.

"Nafikiri, bosi."

"Wiki iliyopita ulifikiri, kadi za harusi zikafika watu wameshakula. Leo ukichelewa, dada, utakwenda kufikiria nyumbani kwako. Moja kwa moja." Hakucheka. "Na ile skrini ya pili? Huyo fundi uliyempelekea ni yupi? Nimpigie."

"Simu yake mbovu."

"Fundi, simu yake mbovu?"

"Si anashughulika na za wenzake!"

Kwa hasira akaisukuma mausi kulia. Mshale ukafika ukingoni mwa skrini, lakini haukusimama. Ukapita, ukaenda zake. Akaurudisha, ukachomoza pale pale ukingoni, bila wasiwasi, kama mtu anayetoka chumba cha pili.

Mama Pambizo akaiachia mausi.

Kwa fundi hakukuwa na skrini yoyote. Skrini ilikuwa kwa mama yake, juu ya cherehani, tangu jana jioni. Mama alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho, na simu kwake ilikuwa kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Alitaka, mara moja tu, amwone kitinda mimba wake aliye ng'ambo akiwa na uso mzima. Basi Mama Pambizo akaichukua skrini, ila adapta na waya wake akaviacha vimechomekwa nyuma ya kompyuta, kwa kuwa simu ya mama ilihitaji waya wa aina nyingine. Na kompyuta, mjinga yule mwaminifu, ikaendelea kuamini kwamba skrini ni mbili, ikavipanga vidirisha vyote kwenye ile isiyokuwepo.

Saa mbili nzima anatukana programu, kumbe mchawi ni yeye.

Akainama chini ya meza kama aliyeangusha kalamu, akachomoa. Adapta ikaingia mfukoni mwa sketi. Vidirisha vikamwagika vyote kwa mpigo, kama wanafunzi waliosikia kengele.

Bosi akaja mbio. "Ilikuwa nini?"

"Virusi," alisema, kidevu juu. "Wale wabaya kabisa. Mwingine angekimbilia kuita mtaalamu. Mimi nimewashika kwa mkono."

Akaivuta picha chini. Paji la uso la mkunga likarudi, kisha kofia nyeupe. Mkunga akainuka kujitazama, akaridhika. Macho yake yakashuka kwenye kibandiko cha maandishi ya bosi ubavuni mwa skrini: KWANZA.

"Haa! Kumbe ile iliyoandikwa PILI nduguye ni hii?" Akamshika bega Mama Pambizo. "Jana nilipita kumtia mama yako dawa ya jicho, nikamkuta kijana wake amejaa pale juu ya cherehani, mpaka meno unayahesabu. Mama analia, mimi namgombeza asilie, dawa itatoka! Umefanya jambo la maana sana, mwanangu."

Mkunga akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, akarudi kwenye benchi polepole na kuikumbatia pochi.

Mama Pambizo hakugeuka. Masikio yalikuwa yakimwaka. Alisikia viatu vya bosi vikisogea, kisha uzito wa mikono yake ukaja kwenye mgongo wa kiti.

"Chapa kwanza," bosi alisema.

Akabonyeza. Huko nyuma mashine ikaanza kunguruma, karatasi ya kwanza ikavutwa, ya pili ikafuata. Mikono ile haikuondoka kwenye kiti.