Miaka Hamsini na Saba ya Nafuna

Kwa miaka kumi na moja Nafuna alichaguliwa kwa kidole. Alfajiri walisimama nje ya geti la kiwanda cha katoni pale Thika, wanawake sitini, siku zingine themanini, na Nzioki akatoka na kikombe chake cha chai akanyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa kitambaa chekundu. Asiyenyooshewa alirudi mtaani Kimbo na leso yake begani. Nzioki alikuwa na madharau kama paka wa tajiri, lakini macho alikuwa nayo. Mwenye homa alimjua. Mwenye watoto waliolala njaa alimjua pia, na kuna asubuhi kidole kilipinda kidogo kikamfikia.

Mwaka huu kidole kikastaafishwa. Kirit, mwenye kiwanda, alisema hataki tena kuona watu wamejazana getini kama kumbikumbi kwenye taa. Kazi ya kutafuta wafanyakazi akampa Bhumi, binti ya ndugu yake, aliyekuwa na ofisi ya ajira mjini, juu ya duka la vipuri. Bhumi naye alikuwa na wasichana wawili wa kusoma barua za watu za kuomba kazi. Akanunua ile kompyuta yenye akili, wasichana wakaenda nyumbani. Kompyuta ikasoma barua elfu nne kabla chai haijapoa, ikampa kila mtu alama kama mwalimu wa darasa la nne, bila kuona mtu hata ukucha.

Nafuna alikuwa amebakiwa na wiki tatu za kodi ya chumba. Mwanawe Calvince alipiga simu kutoka Bungoma: "Mama, kama kazi imeisha, rudi tu. Maxine atakutunza." Maxine ni mke wake. Nafuna alimjua Maxine. Kutunzwa na Maxine ni kuoshewa kikombe ukiwa bado unakunywa. Kuchoka alikuwa amechoka, hilo hakubisha, alichoka mpaka nywele. Lakini alitaka achokee kwake, ndani ya chumba chenye kufuli lake, ufunguo ukiwa umelala kifuani pake. Kazi isipopatikana kabla ya mwisho wa mwezi, chumba kinaenda na yeye anaenda kwa Maxine.

Ploti yao ya Kimbo, vyumba vya kupanga kwenye ua mmoja, ilikuwa na wanawake watano na simu moja ya maana, ya Viola. Viola ndiye mdogo wao, alifanya kazi ya kuchapa kwenye saiba, duka la intaneti, miaka minne kabla ya kupata mtoto. Simu yake ilikuwa kama bomba la maji, kila mtu aliteka hapo. Mtoto wa shule akitafuta mama yake, ni kwa Viola. Daktari akiahirisha siku, ni kwa Viola. Kwa hivyo siku ya kujaza maombi ya kazi kwenye simu walimzunguka, yeye amekaa juu ya mtungi wa maji, wao juu ya chochote. Alianza na Nafuna kwa sababu ndiye mkubwa. Jina, kitambulisho, umri miaka arobaini na tisa, miaka kumi na moja ya kukunja na kufunga katoni. Alipotaka kuingiza Idah, simu ikagoma.

"Inasema hii laini imeshatumika," Viola akasema. "Inasema karibu tena Nafuna, endelea ulipoachia."

"Si basi uendelee," Idah akamjibu. "Kitabu cha kikundi tunaandikaje? Kila mtu chini ya mwenzake."

Hakuna aliyeona kosa hapo, maana tangu waanze chama chao cha kuchangiana sufuria waliandika hivyo hivyo. Viola akaendelea. Pale pa kazi za zamani akaongeza za Idah, miaka kumi na tisa kwenye mashine ya gundi. Chini yake za Mbula, kumi na nne kwenye mashine ya kukata. Chini yake za Bridget, tisa kwenye stoo na kupakia lori. Mwisho akajiweka mwenyewe na kompyuta yake ya saiba. Majina aliyaandika, lakini kompyuta ya Bhumi ilikuwa na jina moja tayari, hayo mengine ikayapuuza kama mawe kwenye maharagwe.

Siku nne baadaye simu ikalia. Hongera Nafuna. Umepata alama tisini na nane kwa mia. Fika ofisini Jumanne saa mbili.

"Tumeitwa!" Mbula akapiga kigelegele.

"Ametajwa mmoja," Bridget akasema.

"Kwani mwalimu akiita kiranja, darasa linabaki nje?"

Jumanne wakafika wote watano, wamepaka mafuta, viatu vimefutwa. Na mlangoni wakamkuta nani? Nzioki, ndani ya koti la ofisi lililomzidi mabega, na kazi yake siku hizi ni kusoma majina kutoka kwa kompyuta ndogo aliyoishika kama sahani ya moto.

"Mzee, kidole kiko wapi?" Mbula akamuuliza.

"Kiko hapa," Nzioki akasema bila kucheka, akaonyesha kinavyogusa kioo. "Sasa kinatumwa. Ingieni polepole, huyo mama ndani hakulala."

Bhumi alisimama alipowaona, msichana wa miaka thelathini hivi, macho yamevimba. Akatafuta mtu nyuma yao.

"Mama Nafuna ni nani?"

"Ni mimi, madam."

"Na hawa?"

"Ni sisi," Nafuna akasema.

Ilichukua muda. Bhumi alisoma kioo, akawaangalia, akasoma tena kwa sauti. Mashine ilikuwa imejumlisha. Miaka hamsini na saba ya kazi, mtu wa miaka arobaini na tisa. Anajua gundi, kukata, kufunga, stoo, na kompyuta. Kati ya watu elfu nne ndiye wa kwanza.

"Kwa hivyo nilianza kazi miaka nane kabla nizaliwe," Nafuna akasema taratibu. "Ndiyo maana mgongo unaniuma hivi."

Nzioki akakohoa mlangoni, kikohozi cha mtu anayemeza kicheko.

Bhumi hakucheka. Alikaa akawatenganisha, kila mmoja na karatasi yake, akailisha mashine upya. Nafuna alipata thelathini na nane, kwa sababu aliishia darasa la saba. Idah, ambaye gundi yake imeshika nusu ya katoni za Thika, arobaini na nne. Mbula na Bridget hata hawakufika hapo. Viola, sitini na moja. Na mstari wa kupita ulikuwa sabini.

"Hakuna hata mmoja," Bhumi akasema, akajisugua paji la uso. "Mkiwa pamoja nyinyi ndio bora kuliko wote. Mkitengana hakuna mtu hapa."

"Na hiyo kazi?" Idah akauliza.

"Barua ilishaenda yenyewe kwa Anko Kirit. Supavaiza mmoja, anaanza Alhamisi. Nikimwambia mashine imechagua mtu ambaye hayuko, hii ofisi ataifunga. Nimetumia miaka mitatu kwa hii ofisi, Mama." Alimtazama Nafuna. "Wewe ndiye mwenye jina na kitambulisho. Weka sahihi, ama mrudi nyumbani wote."

Nafuna akamwonyesha Bhumi Idah kwa kidevu. "Mpe huyu. Miaka mingi ni yake."

"Siwezi," Bhumi akasema. "Nikigusa jina, inaanza kuhesabu upya, na umeona inavyohesabu."

Kazi ya watu watano imelala kwa karatasi moja, na kalamu iko mbele ya Nafuna. Nafuna alitaka Idah aseme kitu, hata tusi, lakini Idah alikuwa anaangalia kalenda ukutani kama mtu anayesubiri zamu hospitali. Nafuna akawaza kikombe kikinyakuliwa mkononi na Maxine. Akachukua kalamu, akaandika jina lake polepole, herufi za darasa la saba, na kila herufi ilimwonea aibu.

"Hongera, Mama," Nzioki akamwambia akipita, na kwa mara ya kwanza hakumtazama machoni.

Waliposhuka matatu Kimbo, Mbula akasema: "Mpisheni bibi yetu wa miaka hamsini na saba apite, asije akaanguka." Bridget akacheka peke yake. Nafuna aliingia chumbani, akafunga kufuli kwa ndani, akalala na viatu. Chumba alikuwa amekipata. Kilikuwa kimya vibaya sana.

Jumatano, jua likiwa limeshapanda, mlango ukagongwa kwa kiwiko. Alikuwa Idah, mikono imejaa, katoni kuukuu kwapani na sufuria ya uji mzito mbele yake. Nyuma yake Mbula na kisu, Bridget na mfuko wa magunia, na Viola na mtoto mgongoni.

"Kesho watakuuliza gundi," Idah akasema. "Unajua gundi?"

"Sijui, Idah. Wewe unajua sijui."

"Barua inasema unajua. Inasema miaka kumi na tisa. Ukikosea huko, utakuwa umeharibu jina langu ambalo hata halijaandikwa. Kaa chini."

Nafuna akakaa. Idah akamshika kidole akakitumbukiza kwenye uji, akakibana na gumba, akamwonyesha unavyovutika kama uzi. Uzi ukikatika haraka, gundi imezidi maji. Ukirefuka, imepoa, na katoni zitafunguka zikiwa ndani ya lori, barabarani. Tena. Tena. Mbula alikuwa amekaa kitandani akinoa kisu, akingoja zamu yake, na Bridget alikuwa ameanza kupanga magunia kwenye mlango kana kwamba lori liko njiani.

Saa saba hivi mikono ya Nafuna ilikuwa imekakamaa mpaka kwenye kiwiko.

"Tupumzike kidogo, jamani," akasema.

"Huo ulikuwa mwaka wangu wa pili," Idah akasema. "Imebaki kumi na saba. Chovya."

Nafuna akachovya.